Kicheko Baada ya Kondo

Muulize mwanamke yeyote aliyejifungulia kituo chetu cha afya, njia ya Goweko, habari za Matroni. Atacheka kwanza ndipo ajibu, na wengine hawafiki kwenye jibu. Jina lake walilijua wachache. Hata padri aliyekuja kubariki jengo jipya la wodi alimwita Matroni, naye akaitikia kama aliyebatizwa hivyo. Mimi nilifanya naye kazi miaka mingi, nikala naye, nikanuniana naye, nikapatana naye bila ya yeyote kati yetu kuomba radhi. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Alikuwa mwanamke wa mwili. Mlango wa leba aliuingia kwa ubavu, na alipoketi kwenye kile kiti cha magurudumu madogo, kiti kilitoa mlio kama mbuzi anayeonewa. Hakuuonea haya mwili wake. Alisema mkunga mwembamba hampi mtu moyo: mzazi akimtazama anaanza kumhurumia yeye badala ya kusukuma.

Mdomo wake ndio uliomtangulia kila mahali. Mwanamke akilia, "Nakufa, Matroni, nakufa!" yeye humjibu bila kuinua kichwa, "Umekosea mlango, mama. Hapa ni kuzaa." Mume akipiga simu kila baada ya muda kuuliza kama ni wa kiume au wa kike, naye mkewe bado anatembea koridoni ameshika kiuno, Matroni huipokea simu na kusema, "Bado hajaamua. Akiamua tutakujulisha." Na vikapu vya akina mama wakwe alivipekua kama askari wa mizani anayekagua lori, kwa sababu alijua humo ndimo zinamopita dawa za miti za kuharakisha uchungu, zile zilizokwisha kupasua vizazi vya wanawake wengi huko vijijini.

Siku moja alitoa kwenye kikapu chupa ya chai iliyokuwa nyeusi kuliko chai.

"Mama mkwe, hii chai ya nani?"

"Ya mgonjwa, Matroni."

"Ina sukari?"

"Ina sukari kidogo."

"Haya, onja basi tuone kama imekolea."

Mama mkwe akasema amefunga. Ilikuwa Jumatano ya kawaida, na rozari ilikuwa shingoni mwake. Matroni akaimwaga chai ile nje kwenye majani, akamwambia, "Haya, majani yatazaa kabla ya mkweo."

Usidhani aliwatukana watu kwa chuki. Alikuwa Mnyamwezi, na Mnyamwezi ana watani njia nzima ya zamani ya misafara. Babu zake, kama alivyopenda kusema, walibeba pembe na vitambaa kutoka Tabora hadi pwani, na kila walipolala njiani waliacha majivu ya moto na mtani. Kwa hiyo Mzaramo akiingia wodini, Mzigua akiingia, Mgogo akiingia, alitukanwa kabla ya kusalimiwa, na hiyo ilikuwa haki yake. Wale akina mama wa asili ya Burundi wanaotoka upande wa Ulyankulu hawakuwa na utani naye wa mababu, lakini aliona si haki wakose. Akawatangazia utani kwa amri. Walishangaa siku za mwanzo. Baadaye wakaanza kumjibu, na majibu yao yalikuwa makali, akafurahi mno.

Mimi niliitwa Mtoto wa Mjini. Nimezaliwa Tabora mjini, nimekulia Chemchem, kwetu ni Waislamu wa siku nyingi, na nilipofika kituoni, binti mkunga mpya, nilikuwa nimevaa viatu vyeupe. Matroni alivitazama, akanitazama. "Umekuja kuzalisha au kufungua harusi?" Kabla ya adhuhuri viatu vilikuwa na rangi nyingine, nami nilikuwa nimejua kwa nini yeye alivaa viatu vya plastiki na soksi nene za kiume.

Alikuwa amejaa mambo yasiyopatana. Kule kwetu tumbaku ndiyo ada ya watoto na bati la nyumba, na wanawake huyafunga majani yake wakiwa na mimba hadi siku ya uchungu. Matroni aliwahubiria kila kliniki: "Tumbaku na mimba ni wake wenza. Msiwalaze chumba kimoja." Na wakati anahubiri, kikopo cha ugoro kilikuwa mfukoni mwa sare yake, na baada ya mahubiri alizunguka nyuma ya jiko la kuchomea taka akavuta hadi macho yakamtoka machozi. Nikamwuliza, "Matroni, na wewe?" Akapangusa pua. "Mimi nina mimba?"

Aliogopa kuku. Nasema kuku, si nyoka. Nyoka alimwua kwa fagio huku anaendelea kuzungumza. Lakini kuku hai alimtetemesha, na kwa bahati yake mbaya hiyo ndiyo shukrani ya watu wa kwetu. Mtu, mkewe akijifungua salama, anarudi na jogoo amefungwa miguu. Nimemwona Matroni, mwanamke aliyemfukuza mkuu fulani wa wilaya asiingie leba na viatu, amepanda juu ya benchi la kliniki ameshika sketi, anashukuru kwa kelele, "Wabeja, baba, wabeja sana, lakini mpe huyo Mtoto wa Mjini! Mpe huyo!" Nilikula kuku wengi miaka ile.

Kanisani aliimba kwaya kwa sauti ya kuitia ng'ombe, mpaka mwalimu wa kwaya akamwomba kwa unyenyekevu awe anapokea wageni mlangoni. Akapokea wageni huku anaimba.

Na kuna hili, ambalo angenikasirikia akinisikia nalisema. Mwanamke akija peke yake, hana ndugu wa kumletea chakula, Matroni alipika uji wa ulezi nyumbani kwake, akauleta na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, yaliyochemshwa vizuri, akavitua kitandani kwa kishindo. "Makombo hayo. Usifikiri nimekupikia." Nilikaa naye nyumba za jirani. Makombo hayo aliyaanza kuyapika kabla ya alfajiri.

Kufundisha, alifundisha kwa maneno mafupi yasiyotoka kichwani. "Mtoto akishatoka, kazi imeanza." "Damu haina adabu, haibishi hodi." "Mkono kwenye mlima," alikuwa akisema, maana yake baada ya mtoto kuzaliwa ushike tumbo la mama, chini kidogo ya kitovu, usikilizie kizazi kilivyojikunja kikawa kigumu kama nazi. Huo ndio mlima. Na juu ya lile kosa la wakunga wenye haraka, wanaovuta ule uzi wa kitovu cha mtoto ili kondo la nyuma litoke wawahi chai, alisema, "Hiyo si kamba ya kengele ya kanisa. Usiivute kuita waumini."

Somo lake lililotuchekesha kuliko yote lilikuwa la soksi. Wanafunzi wa uuguzi wakija kwa mafunzo, aliwakalisha, akavua kiatu, akavua soksi yake mbele yao, ile nene ya kiume, baada ya siku nzima ya joto la Septemba. Darasa zima lilisogea nyuma.

"Hii ni nini?"

"Soksi, Matroni."

"Ya nani?"

"Yako, Matroni."

"Hapana. Hiki ni kizazi cha mama yako mzazi. Kiheshimu."

Akaingiza vidole ndani, akaikamata ncha ya soksi na kuivuta hadi ikatokea mdomoni, ndani ikawa nje. Akawaonyesha. "Kizazi kinaweza kufanya hivi baada ya kuzaa. Kinageuka. Ni jambo la nadra sana, pengine utastaafu hujaliona. Ndiyo maana siku ukiliona utalishangaa, na wakati unashangaa, mama anakwenda. Kwa hiyo lishangae leo, kwenye soksi. Utajuaje? Unapapasa tumbo, mlima haupo, pamekuwa shimo. Huku chini kuna kitu chekundu, cha mviringo, kimejaa mlango au kimetoka nje kabisa. Na mama amelegea kuliko damu aliyomwaga. Damu kikombe, lakini mwili umepoa kama wa aliyemwaga ndoo. Ukiona hayo usiseme ni uvimbe. Usikate. Usivute. Kondo likiwa bado limeng'ang'ania, usilibandue. Piga kelele ya kuomba msaada, kisha rudisha soksi."

Tukacheka, kwa sababu ya harufu. Naye alituacha tucheke.

Siku jambo hilo lilipotufika ilikuwa mchana, msimu wa masoko ya tumbaku, malori yanapita barabarani na vumbi linaingia hadi kwenye kabati la glovu. Leba tulikuwa na mzazi mmoja tu, anaitwa Nyemo, Mgogo, mume wake fundi katika genge la reli. Mimba ya pili. Alikuwa na mafua ya vumbi lile, anakohoa kidogo, lakini uchungu wake ulikwenda vizuri na tangu asubuhi yeye na Matroni walikuwa wanatukanana kwa raha zao. Nyemo alikuwa na ulimi. Uchungu ukimjia anafumba macho na kuuma khanga; ukipita anafungua macho na kuendelea na tusi pale alipoliachia.

Mtoto akatoka, wa kike, akalia mara moja. Nikampangusa, nikamweka kifuani kwa mama yake, nikapapasa tumbo kuona kama hakuna pacha. Mlima ulikuwepo, ingawa laini. Nikageukia trei kuchukua sindano, ile ya kukikaza kizazi baada ya mtoto. Matroni alikuwa ameketi miguuni pa Nyemo kwenye kiti chake.

"Haya, Mgogo," akasema, "mtoto huyu kazaliwa Unyamwezini, ni wetu. Usimpeleke Dodoma mkamfundisha kuomba barabarani."

Nyemo, jasho bado linamtiririka, akamjibu, "Afadhali kuomba, Matroni. Nyie mlibeba mizigo ya watu mpaka vichwa vikawa bapa. Huyu akiwa wenu, hata kofia itamkaa vipi?"

Matroni akacheka. Kicheko chake kilikuwa cha mwili mzima, kiti kikalia, nami nikacheka nimewapa mgongo. Nyemo naye akaangua kicheko, kicheko kikashika kikohozi, kikohozi kikamkaba, tumbo likampanda na kushuka. Kisha akanyamaza. Alinyamaza ghafla sana hata nikageuka.

"Matroni," akasema kwa sauti ndogo, "kuna kitu kimetoka." Halafu akapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mzazi yeyote.

Matroni alikuwa ameshaweka mkono wa kushoto tumboni. Akapapasa chini ya kitovu, akapapasa tena. Nilimwona uso. Ule uso ambao siku zote ulikuwa unatafuta la kusema haukuwa unatafuta chochote.

"Mlima haupo," akasema. "Mchukue mtoto. Mwite Daktari, mwambie kizazi kimegeuka, maneno hayo hayo. Kisha urudi."

"Na sindano?"

"Iweke chini. Usimchome mpaka niseme."

Nilifika mlangoni, nikamwita Daktari aliyekuwa chumba cha pili, nikampa muuguzi wa kliniki mtoto, nikarudi. Chini, kati ya mapaja ya Nyemo, kulikuwa na kitu kikubwa chekundu kama moyo wa ng'ombe, na kondo bado limekishikilia. Damu haikuwa nyingi. Lakini Nyemo alikuwa ameshabadilika rangi, midomo imekuwa ya majivu, ngozi imelowa na kupoa. Nikamshika mapigo. Yalikuwa ya taratibu na ya mbali, kama mtu anayetwanga kijiji kingine.

Matroni alikikusanya kile kitu kwenye kiganja pamoja na kondo lake, akaanza kukirudisha kwa kukisukuma juu polepole, kuelekea kwenye kitovu. Mkono wake ukaingia, lakini haukupita. Shingo ya kizazi ilikuwa imeshabana kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba. Sasa nikaelewa kwa nini alikataa sindano: ingeibana zaidi, ikatufungia mlango kizazi kikiwa nje.

Daktari aliingia. Alikuwa kijana mpole, mwenye kupenda mpira, na wakati huo hakuuliza maswali ya ziada. Akatafuta mishipa, akaweka dripu mikono yote miwili, akampa Nyemo dawa ya maumivu na ya kulegeza, akatuma mtu akaandae gari la wagonjwa na kupiga simu mjini waandae damu. Matroni akajaribu tena. Mkono ukaenda mbele kidogo, ukakwama. Misuli ya mkono wake ilikuwa inaruka yenyewe chini ya ngozi.

"Nipokee," akamwambia Daktari. Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu yeyote neno hilo.

Daktari akampokea, akajaribu, ikashindikana. Wakatazamana. Mjini kulikuwa na chumba kikubwa cha upasuaji na watu wa usingizi, lakini njia ya vumbi ilikuwa katikati, na mapigo ya Nyemo hayakuwa ya kusafiri.

"Tujaribu maji," akasema Daktari. "Nimeyasoma. Sijawahi kuyafanya."

"Mimi niliyaona mara moja, nikiwa mwanafunzi," akasema Matroni. "Wewe utasoma, mimi nitakumbuka."

Wakaangalia kwanza kwamba hakuna palipochanika. Nikaloweka chupa za dripu kwenye ndoo ya maji moto kutoka birika la chai, nikazijaribu juu ya ngozi ya kifundo cha mkono hadi zikawa vuguvugu kama maziwa ya mtoto. Nikapanda juu ya stuli, nikainyanyua chupa kadiri mkono wangu ulivyofika. Matroni akauingiza mpira wa dripu ndani, akaukaza mlango wote kwa kiganja chake ili maji yasitoke, na Daktari akaulegeza ufunguo. Maji yakaanza kushuka. Wazo lenyewe ni jepesi: maji yakijaa ndani yanaupanua ule mdomo uliobana na kukisukuma kizazi kirudi kwao, kama unavyopulizia soksi. Lakini ukiwa juu ya stuli, na bega linawaka moto, na mtu anakufa chini yako, wepesi wake huuoni.

Chupa ikaisha, nikapewa nyingine. Matroni hakusema neno. Mimi niliyezoea kumsikia akizungumza hata na mashuka, nilisikia malori barabarani, nilisikia mtoto akilia chumba cha pili.

Ndipo Nyemo akafungua macho nusu.

"Matroni," akanong'ona. "Mbona hunitukani? Nimeshakufa?"

Nilidhani Matroni atalia. Kisha akasema, "Hujafa, Mgogo. Jaribu ufe uone. Nitakuja matangani kwenu, nitalala kaburini, nitakataa kutoka hadi ukoo mzima uhame mji."

"Basi sifi," akasema Nyemo, akafumba macho.

Haukupita muda mrefu, Matroni akainamisha kichwa kama anayesikiliza mlango wa jirani. "Kinakwenda," akasema. "Daktari, usifunge. Kinakwenda." Mkono wake ukafuata taratibu, ukaingia, ukaingia zaidi. Akauweka mkono wa pili tumboni, chini ya kitovu, akaubonyeza kidogo, akapumua kwa mara ya kwanza tangu kicheko kile.

"Mlima umerudi. Mtoto wa Mjini, shuka. Sindano yako sasa."

Nikachoma. Daktari akaongeza dawa ileile kwenye dripu. Matroni aliuacha mkono wake ndani, amekishikilia kizazi kisije kikageuka tena, mpaka alipokisikia kinamkaza ngumi. Kondo wakalitoa baadaye, kwa mkono, kizazi kikiwa mahali pake. Damu ilitoka nyingi wakati huo, tulijua itatoka, na Nyemo alipelekwa mjini, Daktari ameketi naye nyuma ya gari. Aliongezewa damu, akapewa dawa za kuzuia maambukizi, akapona. Mume wake alikuja kituoni kutushukuru. Alileta jogoo.

Jioni ile nilimkuta Matroni nyuma ya jiko la taka. Kikopo cha ugoro kilikuwa mkononi, hajakifungua.

"Wewe ulikuwa karibu," akasema. "Ule uzi, nilikuwa nimeushika?"

"Sikuona, Matroni. Nilikuwa nimekupa mgongo, nachukua sindano."

"Ningekuwa nimeushika, na nikacheka, mkono ungevuta."

"Alikohoa sana. Daktari amesema kikohozi peke yake kinatosha, kama kizazi ni legevu na kondo limekaa juu."

"Daktari mzuri yule." Akakizungusha kikopo. "Huwa naushika. Huwa nauweka tu kiganjani, sivuti. Lakini leo sikumbuki. Nakumbuka vichwa bapa. Huo uzi siukumbuki kabisa."

Kesho yake, katika kikao cha asubuhi, alilieleza tukio lote mbele ya watumishi wote, akasema kwa kinywa chake kwamba huenda aliuvuta na huenda hakuuvuta, na kwamba hatajua. Hakuna aliyemwuliza. Angeweza kulisimulia kama ushindi, na wote tungepiga makofi.

Tangu siku hiyo leba yetu ilipata sheria mpya, haikubandikwa ukutani lakini kila mtu aliijua: kicheko baada ya kondo. Mtoto akitoka, Matroni alifunga mdomo. Alikaa pale miguuni kama sanamu ya kanisani, mikono imetulia, anangoja. Akina mama waliomjua waliogopa. "Matroni, unaumwa?" Hajibu. "Matroni, nimekukosea?" Hajibu. Kondo likitoka, akalikagua limetimia, akaona mlima mgumu kama nazi, ndipo alipofungua bwawa. Matusi yote aliyokuwa ameyazuia yaliporomoka kwa pamoja, na mzazi akacheka huku analia, na mimi nikajua kazi imekwisha.

Alistaafu, akahamia Chemchem, mtaa wa pili kutoka kwetu. Tulionana mara kwa mara, kisha mara chache, kama ilivyo kawaida ya watu wanaojua watapatana siku yoyote wakitaka. Halafu nikaletewa habari kwamba Matroni ananiita, anakufa.

Nikamkuta kitandani, amevaa gauni zuri la kulalia, na kitanda kizima kimejaa vitenge vilivyokunjwa. Alikuwa anavigawa. Majirani wawili walikuwa wanatoka na vyao wakijipangusa machozi.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Nawa mikono, uweke hapa."

Akaonyesha tumbo. Nikanawa, nikapapasa. Chini ya kitovu kulikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, hakisogei. Nikajitahidi uso wangu usiseme kitu.

"Usinitungie uso," akasema. "Nimetunga nyuso hizo kabla hujazaliwa. Nimekiona mwenyewe nikioga. Chagua kitenge."

"Twende hospitali kwanza."

"Chagua kitenge, ndipo twende."

Nikachagua cha zambarau chenye maua ya njano, kwa sababu hakuacha kunitazama hadi nichague. Tukaenda hospitali ya mkoa, akiwa ameniegemea njia nzima na ananieleza nyimbo zipi zisiimbwe kwenye mazishi yake. Akapimwa kwa picha ya tumbo. Daktari wa kike aliyempima akasema ni uvimbe wa kizazi wa zamani, wa tangu ujana wake, umekauka ukawa kama jiwe, hauna madhara, hauhitaji hata kukatwa. Akamshauri apunguze chumvi kwa ajili ya presha.

Matroni alitoka pale amenuna.

Tulionana tena kwenye harusi ya binti wa jirani, mchana, watu wamejaa turubai na pilau inapakuliwa. Nilikuwa nimekaa mkeka wa akina mama, nimevaa gauni langu jipya. Nikasikia mtu mzito anaketi kando yangu, kisha vidole vinashika mkono wa gauni, vinalipima pindo.

"Hiki kitenge nakijua," akasema.

"Ni chako, Matroni. Ulinipa."

"Nakidai. Wenzako wote wamesharudisha, umebaki wewe."

"Nimeshakishona, Matroni. Ona, kimekatwa. Mwilini mwako hakipandi hata mkono."

"Nani alikuruhusu kushona?" akauliza, na akina mama waliotuzunguka wakageuka kusikiliza. "Nilikwambia nakufa. Sikukwambia nimekufa."

Akaivuta sahani yangu ya pilau, akaanza na nyama.